Kiti cha Kinyozi: "Mzee, unamtafuta nani?"

*Ami Kinyozi, assalaam aleikum. Mimi ni baba wa watoto wanne, umri wangu miaka 47, nakaa Mkoani, Pemba. Kwa miaka 19 nilikuwa karani wa tiketi za boti. Mwaka jana ofisi ililifunga dirisha letu, tiketi zikawa zinakatwa kwa simu, nikapewa bahasha yangu na mkono wa buriani. Sasa nataka kuwa mtembeza wageni. Marehemu babu yangu alikuwa mtu wa dawa za miti kule Makangale, na msitu wa Ngezi naujua tangu nikibebwa mabegani kwake.*

*Nilikwenda kuulizia kazi kwenye kampuni moja ya utalii. Kijana aliyekuwa mezani alinitazama kuanzia ndevu mpaka makubadhi, akaniuliza: "Mzee, unamtafuta nani?" Nikamwambia nimepotea njia, nikatoka.*

*Ndevu zangu zimeingia mvi, upande mmoja zaidi kuliko mwengine. Shingoni nina vipele vyeusi vinavyotoka kila nikinyoa, hata naona haya kufungua kifungo cha juu cha shati. Rafiki mmoja kanishauri nitie piko ndevu zote ndipo nirudi. Mwengine kasema nipake mafuta ya makonyo ya karafuu, vipele vitakauka. Mke wangu yeye anasema nijiweke sawa tu. Nishike lipi? Na mtu wa umri wangu akikaa darasani na vijana wa miaka 20, si kujidhalilisha?*

*Baba wa Wanne, Mkoani*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili hapa dukani, baina ya mteja na mteja, na neno lililonikaa ni hilo la "nimepotea njia". Hukupotea. Ulifika pale pale ulipokusudia, ila ulipoulizwa shida yako, akili yote ilikuwa shingoni. Nalijua hilo kwa sababu limenifika.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 43. Nilikuwa mtunza stoo katika ghala moja karibu na bandari ya Malindi, na ghala likafungwa. Ndugu wa mke wangu alikuwa na banda la kunyolea Mwembetanga, kamwachia kijana wa miaka 22, na huyo kijana ndiye niliyepelekwa kwake nikajifunze. Asubuhi ya siku ya kwanza niliamka mapema nijinyoe vizuri, nisije nikaonekana mchafu kwa mtu niliyemzidi umri karibu mara mbili. Wembe ulikuwa wa wiki iliyopita. Maji ya baridi. Nikaukokota kutoka chini kwenda juu, kinyume cha nywele, nikaurudisha tena na tena mpaka nikipapasa sioni kitu. Nilipofika Mwembetanga ukosi wa shati langu jeupe una vidoa vitatu vya damu, na mkono wangu hauishi kwenda shingoni.

Yule kijana hakusema neno. Alinikalisha kitini, akatia taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, akaliweka shingoni mwangu akaliacha. Nakumbuka lilikuwa na alama ya bluu pembeni na lilinuka sabuni ya kufulia. Baadaye akanipaka jiwe la shabu, likachoma kidogo, damu ikakata. Akanambia, "Leo usininyolee mtu. Leo kaa uangalie." Nikakaa mpaka adhuhuri nikiangalia mikono yake. Nilipokwenda kutia udhu ndipo nikagundua kwamba asubuhi yote ile sikuigusa shingo yangu hata mara moja, na kila alichokifanya kijana nimekikamata.

Hilo ndilo ninalolitaka kwako. Sitaki urudi kwa yule kijana wa mezani umependeza. Nataka urudi umeshaisahau shingo, ili anapokuuliza unamtafuta nani, jibu liwe tayari mdomoni.

Sasa tuanze na vipele, maana hivyo ndivyo vinavyokutesa. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata karibu mno na ngozi, ncha inabaki kali kama mwiba, na inapoota inajipinda na kurudi kuingia ndani ya nyama. Ngozi inaiona kama kibanzi, inavimba. Si uchafu, na wala si kwamba damu yako ni mbaya kama watu wanavyosema. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuacha wembe. Acha ndevu zote wiki tatu au nne, hata kama zitakuwasha, ili zile zilizozama zitoke zenyewe. Usizichokonoe kwa pini. Kila siku ukandike kwa taulo la maji ya moto kiasi, dakika tano mpaka kumi, na usugue taratibu kwa kitambaa laini.

Baada ya hapo nenda kwa kinyozi mwenye mashine, umwambie akuachie kama milimita moja. Usikubali ile ya kusafisha kabisa mpaka shingo ing'ae. Ikiwa lazima ushike wembe, basi uwe mpya, ngozi ukandike kwanza, povu liwe jingi, na wembe uufuate mwendo wa nywele. Usiivute ngozi kwa vidole, na pale ulipokwishapita usirudie. Shingoni nywele hazielekei upande mmoja: nyingine zinashuka, nyingine zinakwenda mshazari. Zipapase kwanza kwa kidole ujue zinaelekea wapi.

Mafuta ya makonyo, hasha. Nyinyi watu wa Pemba karafuu ni baraka yenu, na ukipatwa na harufu mbaya ya mdomo, tafuna punje moja. Lakini mafuta yake yakiwa matupu yanababua ngozi nzima, sembuse ngozi yenye vidonda. Ukipaka utapata weusi juu ya weusi. Na vipele vikitunga usaha, au makovu yakaanza kuvimba na kuwa magumu, usikae na mimi kwenye gazeti. Hospitali ya Abdalla Mzee iko hapo hapo Mkoani, nenda ukaonane na daktari.

Ama piko. Rafiki yako anakutakia mema, lakini mimi nakukataza, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, piko lina kemikali iitwayo PPD, ambayo watu wengine ngozi zao haziikubali kabisa. Nimewahi kuletewa mtu hapa uso umevimba, macho yamekuwa mstari, midomo imefura, na kosa lake ni kutaka kupendeza siku ya harusi ya mwanawe. Mwenye kung'ang'ania lazima ajaribu tone moja nyuma ya sikio na kusubiri saa 48, na hata hivyo mwili unaweza kuikubali leo ukaikataa mwakani. Pili, ndevu huota karibu nusu milimita kwa siku. Wiki moja tu, chini ya weusi ule unachungulia mstari mweupe, na hapo tena mkono wako utakuwa kidevuni kutwa, kuziba. Tutakuwa tumeihamisha shida kutoka shingoni kwenda kidevuni.

Kwa upande wa dini unajua mwenyewe kisa cha Abu Quhafa, mzee wake Abubakar, alipoletwa mwaka wa ufunguzi wa Makka akiwa kichwa na ndevu nyeupe pepe. Mtume (S.A.W.) aliamrisha zibadilishwe rangi na ziepushwe na weusi. Wanazuoni wamelizungumza sana, na imamu wako atakufafanulia kuliko mimi. Hina safi, ile ya majani yaliyotwangwa nyumbani, sina ugomvi nayo. Lakini kwa shauri langu, mvi ziache. Zisawazishe tu. Ule upande uliojaa mvi huonekana mrefu zaidi kwa sababu weupe unashika mwanga, basi mwambie kinyozi aupunguze kidogo kuliko mwenzake. Mgeni anayekwenda kuoneshwa msitu anamtaka mtu aliyekaa nao. Ndevu zako zinamwambia hivyo kabla hujafungua mdomo.

Kuna kitu hukukiandika, na mimi nitakitaja: kucha. Mtembeza wageni kidole chake ndicho kalamu yake. Unakamata jani, unaligeuza, unamuonesha mtu mishipa yake, na macho ya mtu yanaanzia kwenye kucha. Sisi tunaoshika migomba na karafuu, utomvu unaingia pembeni mwa kucha ukawa mweusi, sabuni haiutoi. Kata ndimu, ikandamize kucha moja moja ndani yake, kisha mswaki mkuukuu na sabuni. Kucha na masharubu tumeambiwa tusizidishe siku 40. Kwa kazi hii fanya kila Ijumaa.

Mashati mawili matatu yanatosha, ila ukosi usiwe umechanika na pasi ipite. Makubadhi waachie baraza. Ngezi kuna tope na siafu, na mgeni akiona mwenyeji kavaa kiatu cha kufunika atajua huyu anakijua anachokwenda kukanyaga. Udi fukiza siku za harusi. Msituni harufu nyepesi ya sabuni inatosha.

Sasa kuhusu darasa. Sitakuambia haya haitakuwepo. Itakuwepo, wiki mbili za mwanzo, na itatoka pale vijana watakapoanza kukuuliza. Wao Kiingereza chao kinateleza, lakini waulize mpapindi ni mti gani. Huo ni mnazi-mwitu unaoota kisiwani kwenu tu, na wewe umeupita mara elfu. Wageni wanavuka bahari kuja kumuona popo wa Pemba, ambaye haonekani popote duniani ila huko, na mtu wa Kidike anaamka naye kila siku juu ya mti. Ndege mnao wanne wasiokuwepo kwengine: bundi wenu, ninga wenu, chozi wenu, na kile kijindege chenye duara jeupe machoni. Babu yako hakukuonesha hao? Basi mtaji unao, na umeukusanya kabla hao vijana hawajazaliwa.

Fuata taratibu. Watembeza wageni wanasajiliwa na Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, kwa hiyo anza kwao, uulize masharti yote kabla ya kumpa mtu yeyote senti yako. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, wana skuli ya utalii Maruhubi huku Unguja, nao ulizia. Na kuanzia leo jioni, chagua mti mmoja, mvule kwa mfano, umueleze mwanao mkubwa kwa Kiingereza chako hicho hicho cha dirisha la tiketi: jina, unatumika kwa nini, babu aliutumia vipi. Dakika tatu. Kesho mti mwengine. Miaka 19 umezungumza na watu wenye haraka na hasira gatini. Mgeni aliyekuja kupumzika hatakushinda.

Halafu rudi kwa yule kijana. Akikuuliza tena unamtafuta nani, mtajie kazi unayoitafuta, na uniandikie alichokujibu.

*Ami, mume wangu ana miaka 52, ameacha udereva wa daladala na sasa ana duka lake la vifaa vya umeme. Duka linakwenda, alhamdulillahi, lakini nywele za puani na masikioni zimetoka nje na wateja wanaziangalia. Nikimwambia, ananuna. Nimwambieje? Mama wa Fuoni*

Mama wa Fuoni, usimwambie. Mnunulie mkasi mdogo wenye ncha butu, uuweke penye kioo chake, na siku ya Alhamisi usiku, akikaa kupumzika, uushike wewe mwenyewe umwambie, "Hebu geuza uso kwenye taa." Mwanamume mwenye kununa akisemwa, mara nyingi akishikwa hutulia. Kata zinazotokeza nje tu. Usizing'oe: nywele za puani zinazuia vumbi, na tundu la unywele uliong'olewa linaingiza maradhi kwa urahisi. Za masikioni pia ni mkasi huo huo, nje tu, usiingize ndani kitu chochote. Na akija dukani kwangu nitazikata bila ya kutaja kwamba umeniandikia.

*Kinyozi mwenzako nipo Wete, nimeanza mwaka huu baada ya kuacha uvuvi nikiwa na miaka 45. Wateja hawanijui, wanakwenda kwa vijana. Nifanye nini wanizoee?*

Mwenzangu, karibu kazini. Mkono wa mvuvi umezoea uzi na ndoana, hautetemeki, hilo ni jambo kubwa. Usafi wako uufanye mbele ya macho ya mteja. Mashine ipanguse kwa brashi, nywele zote zitoke, kisha spiriti, kila anapokuja mtu mpya na yeye akikuona. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi kwenye chuma kikavu siku saba, na hakionekani kwa jicho. Wembe usitumie mara mbili hata kwa ndugu yako. Pakti iwe juu ya meza. Mtu akishakaa kitini ndipo uchane karatasi, uvunje wembe katikati, nusu uitie kwenye kishikio na nusu umuoneshe kabla ya kuitupa. Tangazo lako ni hilo tu, kile kilio kidogo cha wembe unapovunjika. Wateja wangu wengine husubiri kukisikia ndipo wakaegemeza kichwa.