Re: Nataka kupata kasi ya plazma kutoka kwenye keogramu ya aurora ya mchana

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema una picha za kamera ya anga zima kutoka Longyearbyen huko Svalbard, za aurora (mwanga wa angani karibu na ncha za Dunia) katika wekundu wa nanomita 630.0, na kwamba utapiga mstari juu ya keogramu, usome mteremko wake, kisha uandike "kasi ya plazma kuelekea ncha", yaani ya gesi yenye chaji huko juu. Mengine uliyouliza nitayafikia nikikumbuka. Hilo lifute kwanza.

Keogramu unaipata kwa kukata ukanda mwembamba wa kaskazini-kusini katika kila picha na kuipanga mikanda hiyo kwa muda. Basi. Yanayotokea mashariki na magharibi ya ukanda hayamo. Sasa chukua utepe wa aurora uliolala mshazari, uupeleke magharibi tu, usiusogeze kaskazini hata kidogo. Unapopita, sehemu inayokatwa na ukanda wako inaweza kupanda kaskazini picha baada ya picha. Keogramu itakuchorea mstari safi unaopanda kwenda nchani, mzuri hata wa kuweka kwenye jalada.

Mimi nilijenga rasimu nzima ya makala juu ya mistari hiyo, msimu mzima wa giza la Svalbard. Rada ya Hankasalmi, Finland, ambayo mihimili yake inatazama kaskazini juu ya Svalbard, ilionyesha plazma inajikokota, nami nikaamua rada ndiyo mbovu! (Cheka tu, nimeshazoea.) Rada ile husoma kwa Doppler (badiliko la masafa ya mwangwi) ule mwendo ulio kwenye mhimili wake peke yake. Plazma ikikatisha mhimili kwa pembe mraba, inasomeka karibu na sifuri hata ikikimbia kilomita 2 kwa sekunde.

Na ilikuwa inakatisha kweli. By, yaani sehemu ya mashariki-magharibi ya uga wa sumaku unaobebwa na upepo wa Jua, ilikuwa chanya na kubwa siku zile. By ikiwa chanya, huku kaskazini ya Dunia mistari ya uga wa sumaku iliyotoka kufunguliwa upande wa mchana (ikaungana na ya upepo wa Jua) huvutwa kwanza magharibi, ndipo igeuke kwenda nchani. Ikiwa hasi, huvutwa mashariki. Data za By ni za bure, setilaiti ziko kilomita milioni 1.5 mbele yetu zinapima usiku na mchana. Sikuzifungua. Kwa nini? Kwa sababu mkubwa mmoja niliyemwamini aliniambia "keogramu haidanganyi", akaondoka na kikombe chake. Hakuniuliza By, hakuniuliza mhimili. Na bado anaalikwa kutoa mihadhara! Mhakiki wala hakunitukana, aliandika sentensi moja tu: je, mwandishi alitazama picha nzima?

Sasa utaniambia utatumia picha nzima. Sawa, lakini mwanga si plazma. Ukizungusha tochi ukutani, duara la mwanga linakimbia, ukuta uko palepale. Aurora inaonyesha mahali elektroni zinapogonga hewa sasa hivi. Mahali hapo panaweza kuhama kwa sababu plazma imehama, au kwa sababu muungano wa mistari ya sumaku ya Dunia na ya upepo wa Jua umewaka pengine. Mara nyingine vyote vinakwenda pamoja, na huo ndio mtego, maana utapatia mara moja ukadhani unajua.

Wekundu nao una uvivu wake. Atomu ya oksijeni iliyochangamshwa inaweza kukaa karibu sekunde 110 kabla ya kutoa 630.0, na haina chaji, kwa hiyo haifuati plazma. Ukingo wa nyuma wa utepe unaburuta mkia. Pima ukingo wa mbele.

Kwa hiyo sharti langu ni moja: usiandike neno "kasi ya plazma" mpaka uwe na kipimo cha rada kutoka pande mbili. CUTLASS, jozi ya rada, ilijengwa hivyo kwa makusudi, Hankasalmi na Þykkvibær ya Iceland, zitazame eneo moja kwa pembe tofauti. Na usikimbilie lile dishi la mita 42 la rada ya EISCAT hapo Svalbard. Limekazwa kutazama sambamba na uga wa sumaku. Mkondo unaokatisha uga haliuoni. La mita 32 ndilo linalogeuzwa.

Uliuliza na kimo cha aurora? Wengi huweka kilomita 250 kwa wekundu. Karibu na utosi (juu kabisa ya kamera) haina shida, lakini nyuzi 70 kutoka utosini ukikosea kimo kwa kilomita 50, ramani yako inahama kilomita 100 hivi. Kata pembezoni.

Kichujio cha kamera, sijui uliuliza nini hasa. Kiwe chembamba. Adhuhuri ya sumaku pale (adhuhuri inayohesabiwa kwa ncha ya sumaku) ni karibu saa 09:00 UT, yaani saa ya dunia, Desemba ndiyo salama kwa giza. Bandika hapa picha tatu mfululizo, nzima, zenye UT, pamoja na By ya saa moja kabla. Keogramu usiilete.