Nataka kuja kuwa bosi wa saiti, nisome nini?

SWALI: Kaka shikamoo, pole na majukumu. Mimi ni binti wa miaka 24, nina diploma ya ujenzi, nipo saiti ya ghorofa hapa Dodoma kwenye kampuni ndogo, cheo ni msaidizi wa formeni ila nafanya kila kitu kuanzia kuhesabu mifuko ya saruji mpaka kupigia simu boza la maji. Ndoto yangu ni kuja kusimamia mradi mzima. Marafiki wananiambia nichukue kozi fupi ya usimamizi wa miradi mtandaoni nitapanda chap, shangazi anataka nirudi chuo kwa digrii, formeni wetu yeye anasema vyeti makaratasi tu, kazi inajulikana saiti. Nimsikilize nani?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msikilize shangazi, ila usimdharau formeni.

Iko hivi, huku kwetu mameneja wa ujenzi wengi wamefika pale wakiwa tayari ni wahandisi au wakadiriaji majenzi (wale wanaopima kazi na kukokotoa gharama), na hizo fani zina bodi zake, wahandisi wapo ERB, wakadiriaji na wabunifu majengo wapo AQRB, na kampuni yenyewe inasajiliwa CRB, tena kwa madaraja kuanzia la saba kule chini mpaka la kwanza. Sasa wewe ukija na cheti cha kozi ya wiki 6 bila fani chini yake, siku mshauri wa mradi, yaani mtaalamu anayekagua kazi kwa niaba ya mwenye mradi, anakuuliza nondo za bimu mbona zimepishana na mchoro utamjibu nini? Hata ule mtihani wa PMP, cheti cha kimataifa cha umeneja wa miradi wanaousifia sana, hawakuruhusu kuufanya kama hujawahi kuongoza miradi, kwa hiyo hiyo ni ya baadae.

Kwa diploma yako huhitaji kurudi kidato cha sita, TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanaanzia GPA ya 3.0 na vyuo vingine wanapandisha zaidi, so angalia matokeo yako kwanza. Ukipenda uhandisi kuna vyuo kama UDSM, DIT, MUST, ukipenda upande wa hela na mikataba nenda Chuo Kikuu Ardhi usome ukadiriaji majenzi. Mimi ukiniuliza mtu wa saiti kama wewe ningesema uhandisi, afu ukimaliza uingie ule mpango wa ERB wa kuwalea wahandisi wapya, SEAP, ni miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu. Kama ada haijakaa sawa mwaka huu, jisajili ERB kama fundi sanifu usikae bure.

Sasa hapo ulipo. Watu wanadhani umeneja ni kuvaa kofia nyeupe na kufoka, kumbe sehemu kubwa ni kuwaza kesho. Chukua siku ya kumwaga zege la slabu, yaani kabla zege la kwanza halijamwagwa lazima mshauri awe ameshakagua fomweki (zile mbao za kushikilia zege) na nondo na kusaini, maji yawepo, vaibreta ya kushindilia zege iwepo na nyingine ya akiba kwa sababu ile kitu huwa inapenda kufa katikati ya kazi, deiwaka wawe wa kutosha na chakula chao kijulikane, kyubu, yaani vipande vya zege vya kupima nguvu yake, zichukuliwe zikavunjwe siku ya 7 na ya 28, na mtu wa kumwagilia zege maji likishaganda apangwe kabisa kwa jina maana wote wakisema "tutamwagilia" hamwagilii mtu. Kikikosekana kimoja zege linakatika njiani na unaweza kuambiwa ubomoe. Omba formeni akuachie siku moja hiyo uipange wewe.

Halafu hela, na hapa ndo wengi wa saiti wanapwaya. Jifunze kusoma BOQ, ile orodha ya kazi zote na vipimo na bei zake, na upime kazi iliyofanyika kila mwezi, kwa sababu mkandarasi analipwa kwa kilichopimwa na kuidhinishwa, sio kwa jasho. Hati ya malipo ikichelewa kupelekwa hata wiki mbili basi mishahara inayumba, duka la vifaa linakata mkopo, mafundi wazuri wanahamia saiti ya jirani. Andika dayari ya saiti kila jioni, mvua ilinyesha saa ngapi, mchoro uliobadilishwa uliletwa lini na nani, maana mkija kudai muda wa nyongeza wa kumaliza mradi hiyo ndo silaha yenu.

Na usalama usimwachie mtu wa OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi, peke yake. Lile ghorofa la Kariakoo lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 20. Ukiona mtu anachimba karibu na nguzo bila maelekezo ya mhandisi simamisha kazi, bosi akinuna anune.

SWALI: Nimejenga miaka mingi, nilijifunza kwa mjomba, sina cheti hata kimoja. Nikitaka kuwa formeni nimechelewa?
Fundi, Kigoma

JIBU: Hujachelewa kaka yangu. Nenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, uulizie mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, wanakupima unachojua, kilichopungua unafundishwa, na cheti unapewa. Nenda na picha za kazi zako. Na kama kusoma mchoro kunakusumbua anza na hilo mapema, ndo linalowakwamisha mafundi wengi wazuri.