Kipupwe cha Njombe: ziba upepo, usizibe hewa ya banda

Mwezi wa tano ukiisha hapa Njombe, kila mfugaji anaanza kusaka viroba. Anaziba madirisha ya banda, anaziba mwanya wa chini ya paa, hata tundu la mlangoni. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo hivyo, na nilifanya kwa huruma. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba sakitu huunguza viazi mabondeni. Nikajiuliza, kama mimi nalala na blanketi mbili, kuku wangu wataponaje?

Asubuhi moja nikafungua mlango, harufu ikanichoma macho hadi yakatoa machozi. Kuangalia juu, bati kwa ndani limejaa matone, yanadondoka moja moja kwenye maranda. Matetea wawili walikuwa wamevimba uso, pua zimeziba kwa kamasi. Ndani ya wiki mbili nilizika kuku 11.

Kuku mzima mwenye manyoya yake anaiweza baridi ya huku. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na akijitutumua anajifunika mwenyewe. Asichokiweza ni unyevu. Usiku kucha anapumua mvuke, na kinyesi chake sehemu kubwa ni maji. Ukiziba kila mahali maji hayo hayana pa kutokea, kinyesi kibichi kinatoa amonia, amonia inachubua njia ya hewa, na mafua yanapata pa kuingilia.

Kwa hiyo siku hizi naziba chini, naacha juu. Upande wa kusini-mashariki, unakotoka upepo wa kipupwe na manyunyu yake, naupiga mbao na turubai hadi kupita vichwa vya kuku wakiwa wamelala kichanjani. Chini ya paa naacha mwanya wa shibiri moja wenye wavu, pande mbili zinazotazamana. Kujua kama nimepatia, nafunga vipande vyembamba vya mfuko wa nailoni: kimoja usawa wa kichanja, kingine juu karibu na bati. Cha juu kicheze, cha chini kitulie.

Maranda huku si tatizo, viwanda vya mbao vimejaa. Naweka unene wa sentimita 10 au zaidi na kuyageuza kwa reki kila baada ya siku mbili. Chukua konzi moja ukamue. Yakishikana bonge, yatoe. Kisha chuchumaa usawa wa kuku na uvute pumzi, maana ukiwa umesimama pua yako inadanganyika.

Kichanja kiwe cha mbao ya mbili kwa nne, upana ukae juu, ili kuku akilala tumbo lake lifunike vidole. Nje uani, ezeka bati kipande kimoja na umwage majivu makavu chini yake waogee, kwa sababu wakibanana usiku utitiri huhama kwa kasi. Chanjo ya kideri, tone moja jichoni kila miezi mitatu, usiicheleweshe kwa sababu ya baridi.

Vifaranga ni habari nyingine kabisa. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, halafu unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Wengi tunatumia jiko la mkaa, na hapa nakuomba sana: liwashie nje mpaka mkaa wote uwe mwekundu, acha juu pawe wazi, na usilale humo ukiwalinda. Hewa ya mkaa haina harufu, na inaua kifaranga na mtu. Mimi sasa nimeacha kutotolesha hadi mwezi wa tisa.

Jioni, kabla hawajapanda, nawaongezea mahindi ya kuparaza walale gole limejaa. Alfajiri nabeba ndoo ya maji ya uvuguvugu. Matetea huyanywa kwa muda mrefu, wakiinamisha na kuinua vichwa, ukungu ukiwa bado umefunika uwanja.