Migomba yote shina moja, mbona haifanani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Muleba, Kagera. Kibanja changu nilianza na machipukizi ya Nshakara (ndizi ya kupika) ya shina moja, alinipa baba mkwe. Sasa yale ya karibu na nyumba yanatoa mikungu mikubwa hatari, ya kule mteremkoni vimikungu tu. Jirani anasema mbegu imechoka. Kweli? Na nikichanganya na Nchoncho, ndizi nyingine ya kupika, mnyauko utapungua?

JIBU: Marahaba. Jirani kapatia kidogo sana. Chipukizi ni kipande cha mgomba uleule, halina baba na mama wawili tofauti, kwahiyo vinasaba vya nyumbani na vya mteremkoni ni vilevile, kinachotofautiana ni chakula: nyumbani kuna maganda, majivu, samadi, maji ya vyombo, kule chini mvua inasomba udongo na samadi nani ataibeba mpaka huko? Jaribu kubadilishana, la mteremkoni lipande karibu na jiko na la jikoni lipeleke chini, ila usihukumu kwa mkungu wa kwanza. Ukubwa ukifuata mahali basi shida ni udongo. Ukifuata chipukizi, mara nyingi limehama na fukusi au minyoo ya mizizi, na hicho ndo watu wanaita mbegu kuchoka, dawa yake ni kulimenya vizuri mizizi yote kabla ya kupanda.

Sasa Nchoncho. Hapa majina yanatuchezea. Ndizi za kupika za huku kwetu, Uganda, Rwanda na Burundi zina majina kibao, lakini vinasaba vilipopimwa zikakutwa karibu zote ni ukoo mmoja, inaelekea zilitoka kwenye mgomba mmoja zamani, halafu kila chipukizi likibadilika kidogo, rangi au umbo la mkungu, mkulima analitenga na kulipa jina. Kwahiyo Nshakara na Nchoncho ni tofauti kwenye sufuria, kwa ugonjwa ni ndugu wa damu.

Na mnyauko wa bakteria, uliogundulika Uganda 2001 na kufika Kagera 2006, hauachi aina yoyote salama. Kata ua dume kwa kijiti chenye panda, sio panga, na panga lenyewe lipitishe kwenye moto au jiki ukihama shina. Kuchanganya koo kunasaidia zaidi kwenye mnyauko wa Panama, ule unaoua Kisukari na kuziacha ndizi zetu za kupika. Huo huo ndo uliofuta mashamba ya ndizi aina ya Gros Michel Amerika ya Kati, maana walipanda aina moja tu, mpaka kufika miaka ya 1960 wakahamia aina nyingine, Cavendish.

SWALI: Kwani ndizi haina mbegu tukapata aina mpya?
(Msomaji, Mbeya)

JIBU: Ndizi mwitu inazo, ngumu kama changarawe. Hizi za kupika zina seti 3 za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba), mbegu hazijitengenezi ila kwa bahati sana. Hata hivyo NARO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walivumilia, wakachavusha kwa mkono na kupata chotara za NARITA. Ladha? Wahaya wana maoni yao.