Jibu: Kwa nini mnyoo hausagiki tumboni?

Dada wa Mumias, umeuliza mnyoo uliotoka kwa mwanao uliishije tumboni wakati hata nyama husagika humo. Mnyoo huo, mnyoo mviringo (askaris), umefunikwa na utando mgumu, tena hutoa kemikali zinazozuia vimeng'enya vya utumbo, yaani vile vinavyosaga chakula. Hauna ndoano wala kinyonyeo cha kujishikiza. Hujisukuma kwa misuli inayopita urefu wa mwili wake ili usichukuliwe na chakula. Ule uliochongoka ncha zote mbili, wenye sentimita 20 na zaidi, huenda ni jike. Dume huwa mdogo, mkia umejikunja.

Mimi mayai ndiyo yananitia hofu zaidi. Jike hutaga hadi 200,000 kwa siku! Ganda la yai lina tabaka kadhaa, hata klorini ya maji haifui dafu. Kwenye udongo wetu wenye unyevu na kivuli cha migomba, mayai huiva kwa wiki 2 hadi 3, yaani huweza kuambukiza yakimezwa, na kukaa miaka.

Dawa ya albendazole huua minyoo iliyo tumboni, si mayai ya shambani. Kwa hiyo sukuma wiki ioshwe vizuri na ipikwe, mtoto anawe mikono kwa sabuni. Akitapika na tumbo likivimba, mkimbize hospitali, minyoo huweza kuziba utumbo.