Ukisafiri, Ipunguzie Miche Kiu Kabla ya Kuiongezea Maji

Safari ikikaribia, mwenye miche huanza kuhangaika na chupa, mabomba na ndoo: maji yataifikiaje miche wakati yeye hayupo? Mimi huanzia upande mwingine. Huuliza kwanza nitafanya nini ili miche ihitaji maji kidogo kwa siku hizo. Mmea hupoteza maji mengi kupitia vitundu vidogo vya majani, na jua, joto na upepo ndivyo vinavyoharakisha upotevu huo. Mti mkubwa una mizizi iliyoshuka hadi kwenye unyevu. Mche mchanga unategemea sentimita chache za juu za udongo, yaani pale pale panapokauka kwanza. Ukiwa kwenye kiriba, yaani kimfuko cha plastiki cha kuoteshea miche, au kopo dogo, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu joto huupiga udongo pande zote.

Kwa hiyo kivuli kwanza. Miche yangu ya kwenye viriba huihamishia mahali penye mwanga wa kutosha lakini jua la mchana haliifikii, kando ya ukuta unaokinga upepo, kisha naibananisha. Iliyo mikubwa hukaa pembeni, midogo kabisa katikati, ambako hewa hubaki na unyevunyevu. Jambo hili halina gharama yoyote, na kwa uzoefu wangu huokoa miche mingi kuliko kifaa chochote cha kumwagilia. Ila usiifungie gizani. Mche uliokosa mwanga hurefuka, shina huwa jembamba na majani hupauka, na ukiutoa juani baadaye hauna nguvu ya kusimama.

Iliyokwisha kupandwa ardhini haihamishiki, basi ijengee kichanja kifupi cha nyasi kavu au matawi, hasa upande wa jua la alasiri. Chini yake tandaza nyasi au majani makavu, unene wa sentimita 5 hivi, ukiacha nafasi kuzunguka kila shina. Tafadhali usiipuuze nafasi hiyo. Matandazo yaliyogusana na shina changa huliweka katika ubichi muda wote, na ubichi huo ndio unaokaribisha kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina pale linapotokea udongoni. Miche inaweza kulala chini kwa kinyausi huku udongo ukiwa umelowa vizuri.

Kisha umwagiliaji wa mwisho kabla ya kuondoka. Hapa wengi humwaga maji mara moja, wakaona juu pamelowa, wakaridhika. Udongo uliokauka sana, hasa wenye mboji nyingi, hukataa maji mwanzoni: yanapita pembeni mwa kopo na kutokea chini, ndani kukiwa bado kukavu. Dawa yake ni kukizamisha kiriba kwenye beseni la maji hadi mapovu yaishe, kisha kukiinua kichuruzike. Ukishakiinua, ushike uzito wake mkononi. Mimi huamini uzito kuliko kidole, kwa sababu kidole hugusa juu tu, na juu hakusemi habari za mizizi.

Kwa safari ya siku mbili tatu, kivuli, matandazo na udongo uliolowa hadi chini kwa kawaida vinatosha. Ukikaa zaidi ya hapo, ndipo inapobidi kuleta chanzo cha maji, na ninachokipenda kuliko vyote ni utambi. Maji hupanda yenyewe ndani ya nyuzi za pamba, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na mche huvuta kadiri udongo unavyokauka. Chukua kamba nene ya pamba au ukanda wa fulana kuukuu ya pamba. Ulowanishe kwanza, kwani mkavu huchelewa kuanza kuvuta. Ncha moja ipenyeze kwenye tundu la chini la chungu hadi ifike kwenye mizizi, nyingine izame hadi chini ya ndoo. Chungu kikae juu ya ndoo, kwenye vijiti au ubao wenye tundu, na umbali kati ya maji na chungu uwe mfupi. Ukiweka ndoo juu kuliko chungu, maji yakishaanza kushuka kwa utambi yataendelea kushuka hata mche ukiwa umetosheka. Funika ndoo pia, maana maji yaliyosimama wazi kwa wiki nzima yanatosha kuzalisha mbu.

Kwa miche ya ardhini kuna njia ya zamani sana, iliyoandikwa huko China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: mtungi wa udongo wa kuchomwa, usiopakwa rangi wala kung'arishwa, hufukiwa hadi shingoni, hujazwa maji na kufunikwa. Maji hupenya polepole kwenye ngozi ya mtungi, na udongo wa jirani ukiwa na unyevu wa kutosha upenyaji hupungua. Panda miche karibu nao, kwani unyevu wake hauendi mbali. Chupa ya plastiki iliyopinduliwa siipendi sana. Kwenye udongo wa kichanga humwaga yote mapema, kwenye mfinyanzi huziba.

Njia yoyote utakayochagua, ijaribu ukiwa bado nyumbani. Chora alama kwenye ndoo, subiri siku mbili, uone maji yameshuka kiasi gani, halafu piga hesabu ya siku utakazokuwa mbali na uongeze kidogo kwa ajili ya siku za joto kali.

Kama kuna jirani wa kukusaidia, hiyo ni neema kubwa, lakini mrahisishie kazi. Weka miche yote mahali pamoja, umwachie kikombe kimoja, na mwonyeshe kwa vitendo ni viriba vipi hupata nusu kikombe na vipi kizima. Mtu mwenye moyo mwema, akiachwa akisie, humwaga maji mengi kila siku.

Wiki ya mwisho usihamishe miche kutoka kitaluni. Mizizi iliyong'olewa huhitaji siku kadhaa kushika udongo mpya, na siku hizo zinataka uwepo wako. Mbolea nayo iache hadi urudi, kwa sababu chumvi zake kwenye udongo unaokauka huunguza mizizi. Na usiiache miche imekaa ndani ya beseni la maji kwa siku nyingi, kwani mizizi huhitaji hewa.

Ukirudi ukakuta majani yamelegea, gusa udongo wa ndani kabla ya kukimbilia maji. Ukiwa mkavu, peleka mche kivulini, uzamishe kama nilivyoeleza, na uupe hadi kesho yake asubuhi. Ukiwa umelowa na bado majani yamelala, tatizo liko kwenye mizizi: acha kumwagilia, utoe mche kwenye kopo, ukate mizizi iliyooza na kuwa laini, uupande upya kwenye udongo unaopitisha maji vizuri.