Kuwinda paa na kanga Kwale: usiende kabla hujasoma hili

Kaka wa Likoni, nimekuelewa: binamu yako ana mbwa, na mwataka kwenda msituni karibu na hifadhi ya wanyama ya Shimba Hills wikendi kusaka paa na kanga, kwa kuwa ile ardhi ni ya umma. Tafadhali msiende.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imekaza zaidi. Ardhi iwe ya umma, ya jamii au shamba la babu yako, mnyama si wako. Hata kuwinda kitoweo cha nyumbani tu ni kosa, na ukishikwa na nyama pia ni kosa. Kwenye misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, wazee nao wana miiko yao.

Mitego ndiyo inayoniuma zaidi. Niliwahi kuona kitanzi cha waya wa breki ya pikipiki kimefungwa kwenye mti, gome limechubuka pande zote pale mnyama alipovutana nacho. Waya hauchagui paa wala palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda, na palahala Kenya nzima wamebaki Shimba Hills tu.

Kama shida ni nguruwe mwitu kula mihogo ya binamu, piga picha za uharibifu upesi, kisha aripoti ofisi ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) iliyo karibu. Kulinda shamba kuna utaratibu wake.

Na kama mmeshakamatwa, muoneni wakili kabla ya kuandikisha maelezo yoyote polisi.